Misimu minne ya saiklokrosi Ubelgiji: jibu refu kwa anayetaka kuanza

Habari za jioni wakuu. Nimesoma swali la mdogo wetu aliyehamia Gent. Anasema mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025 ndiyo yaliyomtia hamu ya baiskeli za mbio, na sasa klabu yake inamwambia kwamba baridi ikiingia watu wanahamia kwenye saiklokrosi. Ameuliza kama baiskeli yake ya barabarani itafaa, miguu iwe na nguvu kiasi gani, baridi ataiwezaje, na kama ataaibika akishika mkia. Wengi mmemjibu "nenda tu kajaribu", na ni kweli, lakini mimi nimeshindana misimu minne hapa Flanders katika daraja la ridhaa, wenye umri wa zaidi ya miaka 40, kwa hiyo naomba nimwandikie kirefu.

Kwa wasioujua mchezo: ni mbio za mzunguko mfupi, kilomita 2.5 hadi 3.5, unaopita kwenye majani, tope, msitu, mchanga, ngazi na mbao zilizosimamishwa njiani makusudi, zisizozidi sentimita 40 kwenda juu. Msimu unaanza Septemba na kuisha Februari. Wanaume wa daraja la juu wanazunguka kwa saa 1 hivi. Sisi tunapewa dakika 40. Wenyeji wanauita veldrijden, na hapa una mashabiki wa kweli, bibi na babu waliovaa buti za mvua wakila chipsi ukingoni mwa kamba.

Mdogo wangu, kitu ninachotaka ukishike kabla ya vyote ni kushuka. Sisi tuliokulia kwenye baiskeli nyumbani tunajua mtu akishuka kwenye mlima wenzake wanamcheka, maana mlima umemshinda. Kwenye saiklokrosi kushuka ni fani, na watu wanajifunza miaka. Kuna mahali ukiwa juu ya tandiko unakwenda taratibu kuliko anayekimbia kwa miguu, na mwenye akili anashuka kabla hajalazimishwa na tope.

Hili nilikuja kugundua kwamba nililijua zamani. Nimekulia Maswa. Nikiwa darasa la sita nilikuwa napeleka maziwa kwa Phoenix ya baba, madumu mawili kwenye kariya. Mvua zikikolea, ule udongo mweusi wa mbuga unang'ang'ania tairi, unapanda nao hadi kwenye madigadi, unashindiliwa pale mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unashuka, unavunja kijiti cha mgunga, unachokonoa. Unasukuma hatua ishirini, limejaa tena. Mwisho unafungua madumu, unayavusha kwanza, kisha unarudi kuchukua baiskeli na kuitia begani, kilo 20 hivi za chuma, na miguu yako yenyewe imebeba udongo kama umevaa viatu vya mtu mwingine.

Msimu wangu wa pili tulishindana kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, karibu na Oudenaarde. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mzunguko wa tatu nikaona walio mbele yangu wanasukuma huku magurudumu yamejaa tope na mabua, hayageuki. Mimi nilikuwa nimeitia begani tangu kwenye kona, kabla tope zito halijaanza. Nilipita watu sita pale, wote wana mapafu kuliko mimi. Ukiisukuma kwenye tope la namna ile, kila mzunguko wa gurudumu unaokota udongo, na baiskeli ya kilo 9 inaongezeka kilo kadhaa ambazo utazivuta mpaka mwisho. Ukiibeba inabaki safi, na ukifika kwenye majani unapanda na kuondoka.

Namna ya kushuka ni hii. Unapokaribia ubao, toa mguu wa kulia kwenye pedeli, uvushe nyuma ya tandiko, ubaki umesimama juu ya pedeli ya kushoto, baiskeli ikiwa kuliani kwako. Mkono wa kulia ushike bomba la juu la fremu, wa kushoto ubaki kwenye usukani. Hatua mbili tatu kabla ya ubao unatua ukiwa tayari unakimbia, unainua baiskeli wima ili isiyumbe na kukupiga goti. Tunashukia kushoto kwa sababu cheni na gia ziko kulia, hivyo zinakuwa mbali na mwili wako. Kwa kuibeba kwenye mlima au ngazi, bomba la juu linalala kwenye bega la kulia, mkono wa kulia unapita chini ya bomba la chini, unazunguka mbele na kukamata pembe ya kushoto ya usukani. Mkono wa kushoto unabaki huru, nawe unakimbia kama mtu aliyebeba jembe. Kwa hiyo ng'oa kishikio cha chupa, kitakuzuia. Dakika 40 hutakunywa chochote.

Kupanda tena ndiko kulikonitesa. Anayeanza hupiga kahatua kadogo ka kusitasita kabla ya kuruka, halafu hutua kwenye tandiko kwa kishindo, na mwendo wote aliokuja nao unapotea. Tandiko linatakiwa lipokee paja la ndani la mguu wa kulia, kisha unateleza mpaka unakaa. Kile kahatua kilinichukua msimu mzima kukiondoa. Nilikuwa nakwenda bustanini kila Jumatano jioni, naweka matawi mawili chini badala ya mbao, nashuka, naruka, napanda, dakika 20, narudi nyumbani. Utawaona mabingwa wakiruka mbao bila kushuka. Sven Nys, bingwa wa zamani wa Ubelgiji, alitokea kwenye BMX, zile baiskeli ndogo za kuruka vilima, na aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Wewe na mimi tushuke.

Jambo la pili ni upepo wa tairi, na hapa sina budi kukusimulia siku yangu ya kwanza. Nilikuja na tairi nimezijaza bar 3, maana barabarani tulizoea kuziweka ngumu. Mzee mmoja wa klabu yetu, mstaafu ambaye kila Jumapili husimama kwenye eneo la matengenezo na ndoo na brashi, alikuja akabonyeza tairi langu kwa kidole gumba. Hakusema kitu. Alichuchumaa, akafungua valvu, akaachia upepo, akabonyeza, akaachia tena, mpaka kidole kikazama na mimi nikaanza kuogopa. Kisha akaishika baiskeli kwenye usukani, akaikandamiza chini kwa uzito wake, akanionyesha tairi linavyotanuka na vile vijino vyake vinavyofumbuka na kukamata majani. Akasema kwa Kiholanzi cha taratibu ili nielewe: sasa lina mikono.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu kidogo cha upepo na daftari. Nina kilo 72, natumia tairi za milimita 33, ambao ndio upana wa mwisho unaoruhusiwa kwenye mashindano ya kimataifa, na ni za tyublesi, yaani hazina mpira wa ndani, zina dawa ya kuziba pancha. Kwenye tope naweka bar 1.4 mbele na 1.5 nyuma. Ardhi ikiwa kavu au ina mizizi napandisha mpaka 1.8, rimu isije ikagonga. Kama tairi zako zina mpira wa ndani usishuke hivyo, utapata pancha kwenye mzizi wa kwanza. Pita njia yote kabla ya mbio, rudi, punguza kidogo, pita tena. Sijaona kitu kingine cha bure kinachomsaidia mwanzilishi kama hiki.

Kuhusu miguu sitasema mengi. Kama unaweza kukaa na kundi la klabu kwa saa mbili, miguu unayo. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kupumzika nyuma ya mgongo wa mtu. Unatoka kwenye kona umesimama, unakanyaga kwa nguvu zote sekunde kumi na tano, unafunga breki, unageuka, unaanza upya, na moyo unakaa juu tangu filimbi hadi mwisho. Fanya mazoezi ya namna hiyo mara moja kwa wiki. Na jitahidi kwenye mita 300 za mwanzo, maana njia ikifika kwenye kona ya kwanza nyembamba, walio nyuma wanasimama kabisa wakisubiri foleni huku wa mbele wakiondoka.

Mchanga una kanuni zake. Ukipata nafasi nenda Koksijde, pwani kule, ambako njia inapita kwenye vilima vya mchanga. Nilikwenda kama mtazamaji na nilisimama sehemu moja mbio nzima. Baiskeli zinapopita zinaacha mfereji, na wanaoumudu mchanga wanaingia na mwendo mkubwa, gia nzito, uzito nyuma, mikono imelegea, wanaliacha gurudumu la mbele litafute njia lenyewe humo mferejini. Anayekaza usukani anapinduka palepale. Mwaka 2025 kule Liévin, Ufaransa, Mholanzi Mathieu van der Poel alitwaa taji lake la saba la dunia la saiklokrosi na kumfikia Erik De Vlaeminck, Mbelgiji wa miaka ya 1960 na 1970. Ninapomtazama van der Poel siangalii miguu. Naangalia mabega yake yalivyotulia wakati baiskeli inacheza chini yake. Mimi mpaka leo mchanga ukizidi mita thelathini nashuka na kukimbia.

Baiskeli ya barabarani haitafaa, mdogo wangu. Kati ya fremu na tairi hakuna nafasi, tope litaziba kama madigadi ya Phoenix. Kama unayo ya milimani, waulize waandaaji, mashindano mengi ya ridhaa yanairuhusu kwa mwanzilishi. Yangu niliinunua mtumba kwa euro 650, ina breki za diski na gia moja mbele, na inatosha. Pedeli ziwe za kunasa kiatu, na zinase pande zote mbili, kwa sababu hutapata muda wa kutafuta upande.

Nikuonye jambo moja lililoniumiza. Msimu wa kwanza nilisikia cheni inakaza, majani marefu yamejizungusha kwenye kidude cha kubadilishia gia nyuma. Nikaona nikikanyaga zaidi yatakatika. Kilichokatika ni kile kipande cha aluminiamu kinachokishikilia kidude kwenye fremu, nacho kikaingia kwenye spoki. Nilikimbia na baiskeli begani karibu kilomita nzima mpaka mwisho, sikuwa na ya akiba. Cheni ikigoma, acha kukanyaga hapohapo, shuka, chomoa majani kwa mkono. Sekunde kumi. Na beba kile kipande cha akiba mfukoni mwa begi, kila baiskeli ina cha kwake.

Baridi yenyewe haikusumbui ukiwa mbioni. Inakusumbua kabla na baada. Vaa koti na suruali nzito mpaka dakika mbili kabla ya filimbi, kisha mpe mtu akushikie. Miguu ipake mafuta ya kuchua yale yanayowasha, na unawe mikono vizuri kabla ya kugusa macho. Ukimaliza usisimame kupiga soga, nenda kavue nguo zilizolowa kwanza. Novemba moja nilisimama robo saa nikizungumza na jamaa, vidole vikafa ganzi mpaka nikashindwa kufungua zipu. Mke wangu ndiye aliyenivua viatu.

Sasa la mkia. Mbio zangu za kwanza nilikuwa wa 41 kati ya 43, na anayeongoza alinizunguka nikiwa bado na mizunguko mingi. Kwenye mashindano makubwa ya kimataifa ukiachwa sana unaondolewa njiani. Kwetu sisi hakuna anayekutoa: mshindi akishavuka mstari, nawe unamalizia mzunguko wako na umemaliza mbio. Ukisikia mtu wa mbele anakuja nyuma yako, shika mstari wako ulionyooka, usiyumbe, atajua pa kupita. Na usidhani nyuma hakuna vita. Kuna baba mmoja, fundi mabomba, tumekabana tangu siku ile ya kwanza. Mwaka ule tulikuwa tunagombea nafasi ya 40, msimu uliopita tuligombea ya 12, na bado ananishinda kwenye mteremko wa pembeni na mimi namshinda kwenye ngazi. Mara nyingi mimi ndiye Mwafrika pekee kwenye mstari wa kuanzia. Siku za mwanzo nilihisi macho. Mzunguko wa pili wale bibi wa buti za mvua walikuwa wameshasoma namba yangu mgongoni na wanaipigia kelele "allez, allez", na kila mzunguko nilipita pale nikiwa nimenyooka zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kujiandikisha ni rahisi. Unafika saa moja na nusu kabla, kwa kawaida kwenye kantini ya uwanja, unaonyesha leseni au unakata ya siku hiyo, unaweka amana ya namba na kurudishiwa ukiirudisha. Beba pini zako za kubania.

Nina baiskeli yangu ya kwanza bado, fundi ameshaitengeneza ile sehemu iliyovunjika, imekaa stoo. Inamfaa mtu wa sentimita 172 hadi 180. Kama ni saizi yako, niandikie PM tukutane Blaarmeersen, ile bustani ya michezo ya hapo Gent, Jumatano jioni. Nitakuja na matawi mawili na kipimo cha upepo.