Jibu: Anakariri miaka ya Mapinduzi ya Marekani bila kuelewa

Dada, nimekuelewa. Binti yako wa darasa la tano huko Ohio anataja 1776 (mwaka wa Tamko la Uhuru) na 1787 (mwaka Katiba ilipoandikwa) bila kusita, ila ukimuuliza kwa nini Bunge, Rais na Mahakama vinachungana, kimya. Nafundisha watoto wa umri huo. Kinachosaidia zaidi ni kuanza na malalamiko, tarehe zitafuata.

Fungueni Tamko la Uhuru, ambamo makoloni yalitangaza kujitenga na Uingereza, mruke utangulizi, mwende kwenye orodha ya mashtaka dhidi ya Mfalme George III wa Uingereza. Kiingereza chake ni kizito, kwa hiyo muombe mkutubi toleo la watoto. Achague shtaka moja, kisha mtafute jibu lake ndani ya Katiba. Mimi hupenda lile la askari wengi kuwekwa miongoni mwa watu: Rekebisho la 3 la Katiba, la mwaka 1791, linakataza kuwaweka majumbani wakati wa amani bila ridhaa ya mwenye nyumba. Mtoto analielewa papo hapo, maana nyumba anaijua. Kodi bila ridhaa? Miswada ya kodi sharti ianzie Baraza la Wawakilishi, sehemu ya Bunge. Majaji kumtegemea mfalme kwa mshahara? Ibara ya 3 ya Katiba inazuia usipunguzwe wakiwa kazini.

Utumwa usiufiche, tafadhali. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tamko, aliandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku akimiliki watumwa, na Rekebisho la 13, lililofuta utumwa, lilikuja 1865. Afadhali asikie hili kwako kwanza. Akianza kurudi na huzuni au kulikwepa somo, muone mwalimu wake mapema, pamoja na mshauri wa shule.