Swali la lugha: "Bilionea atoa" au "bilionea aahidi"?

Swali: Nilisoma kichwa cha habari: "Bilionea atoa nusu ya mali yake, apata msamaha wa kodi." Kumbe ndani ameahidi tu. Je, lugha hiyo ni sahihi?

Jibu: Sarufi haina kasoro, tatizo liko kwenye maana. Katika vichwa vya habari "atoa" husimama badala ya "ametoa", kwa hiyo msomaji ana haki ya kuamini kwamba mali imekwisha kuondoka mikononi mwa mwenyewe. Giving Pledge, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 2010 na Bill Gates, Melinda French Gates na Warren Buffett, huwataka matajiri waahidi angalau nusu ya mali yao, wakiwa hai au kwa wosia. Ahadi hiyo haina nguvu ya kisheria. Asiyeitimiza hashtakiwi. Andika "aahidi kutoa".

Hata mali ikitoka kweli, angalia inakwenda wapi kabla ya kuchagua kitenzi. Anayeipeleka katika wakfu wake mwenyewe, yaani taasisi ya hisani aliyoianzisha, "ameukabidhi wakfu". Bado "hajawapa wahitaji", maana sheria ya Marekani huutaka wakfu binafsi utumie takriban asilimia 5 tu ya mali yake kila mwaka. Inayobaki huwekezwa, na mapato ya uwekezaji huo hutozwa kodi ya asilimia 1.39. Mwaka 2015 Mark Zuckerberg na Priscilla Chan waliahidi asilimia 99 ya hisa zao za Facebook kupitia kampuni, si wakfu. Kuhamishia hisa kwenye kampuni yako si sadaka mbele ya sheria ya kodi, na "watoa" hapo ni upotoshaji.

"Msamaha wa kodi" nao nisingeuacha upite. Anayesamehewa hatozwi kabisa. Huko Marekani mtoaji hupunguziwa mapato yanayotozwa kodi, tena kwa kikomo: fedha taslimu alizoupa wakfu binafsi zikizidi asilimia 30 ya mapato yake ya mwaka, ziada haihesabiwi mwaka huo. Kwa ahadi tupu hapunguziwi chochote. Napendekeza "nafuu ya kodi". "Makato ya kodi" hayafai, kwani wengi wataelewa ni kodi aliyokatwa, yaani kinyume chake.

Jihadhari pia na "akwepa kodi". Tajiri anayetoa hisa zilizopanda bei bila kuziuza kwanza hatozwi kodi ya faida ya mtaji, na sheria yenyewe inamruhusu. Kukwepa ni kuivunja. Huyu andika "hatozwi".