Kuchora kwa Tochi Kunduchi: Angalia Mwezi Kabla ya Kamera

Watu wakiona picha yangu ya ngalawa iliyozungukwa na nyuzi za mwanga, swali la kwanza huwa ni natumia kamera gani. Kamera yenyewe ni mtumba. Afadhali waniulize mwezi wa angani ulikuwa na siku ngapi.

Unaacha shata, yaani kilango cha mwanga cha kamera, wazi sekunde 30, unaingia mbele ya lenzi na tochi, na kila tochi inapopita panabaki mstari. Wewe huonekani, ilimradi umevaa nguo nyeusi na husimami mahali pamoja. Si jambo jipya: mwaka 1949 mpiga picha Gjon Mili alimpiga picha mchoraji Pablo Picasso akichora hewani kwa taa ndogo, huko Ufaransa. Kinachotakiwa ni giza, na Dar giza la kweli ni adimu. Nilianzia Coco Beach. Taa za vibanda vya mihogo na za magari ya Toure Drive zikanipa picha ya rangi ya uji wa ulezi.

Nikahamia Kunduchi, ufukwe wa wavuvi kaskazini mwa jiji, usiku wa mwezi mwandamo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wavuvi wanalijua tangu utotoni: mwezi ukiandama, bahari iko kwenye bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida. Kwa pwani yetu, siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi hivi na kupwa kabisa karibu saa nne usiku. Kwa hiyo kuanzia saa tatu hadi saa tano una giza nene na ufukwe mpana, mchanga umelowa kama kioo, na kila unachochora hewani kinajirudia chini. Ila ikifika saa sita funga vitu. Maji yakirudi kwenye ufukwe tambarare hayapigi hodi. Mimi nimeokota begi langu linaelea.

Mipangilio haina maajabu: ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Fokasi ndiyo hushinda wengi. Mulika ngalawa kwa tochi, kamera ikiishaipata, hamisha fokasi kutoka ya kujiendesha kwenda ya kurekebisha kwa mkono (manual) na usiiguse tena. Stendi nayo huzama mchangani polepole wakati shata iko wazi, bila wewe kujua. Mimi huweka kifuu cha nazi chini ya kila mguu.

Sasa tochi. Ukiielekeza kwenye lenzi, inachora. Ukiipa lenzi mgongo na kumulika chombo, inapaka. Kosa langu la muda mrefu lilikuwa kumulika nikiwa nimesimama kando ya kamera: ngalawa ikatoka bapa kama kibandiko. Zunguka, mulika kutoka ubavuni, na alama za tezo kwenye mbao zitajitokeza zenyewe. Mwanga mpana zaidi natengeneza kwa chupa ya maji yenye karatasi nyeupe ndani (rambo, yaani mfuko wa plastiki, ingefaa zaidi, lakini ilipigwa marufuku 2019).

Cheche za stilwaya inayowaka, ambayo wengine huizungusha hewani ili ichore duara za moto, nimeziacha. Ufukweni kuna makuti, matanga na madumu ya petroli.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi itapata ukungu. Ipe robo saa. Nendeni watatu au zaidi, na muwaage wenyeji kwanza. Sisi hatukuaga. Mzee mmoja akatujia gizani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mnamwita nani huko baharini?”

Alidhani tunapunga tochi kuita chombo. Tukaomba radhi, tukamwonyesha picha. Akainama kwenye kioo cha kamera, akairuka ngalawa na michoro yetu yote, akagusa vimistari vilivyopindapinda mbali kwenye upeo.

“Hawa ni wa dagaa, hizi karabai zao,” akasema. “Kumbe huko nje leo kumechafuka.”