Chumvi kwenye tangi la mbuna

SUALI: Assalaam alaykum, mzee wangu. Niko Wete, nina tangi la lita 100 na mbuna wanane wa njano, wale samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa, nilioletewa kutoka Dar es Salaam. Aliyeniuzia kaniambia maji ya ziwani kwao ni makali, basi nitie vijiko viwili vya kulia vya chumvi kila Ijumaa. Nimefanya hivyo wiki sita. Maji ni ya mvua, ya kukinga, yakipungua najazia. Sasa wawili wanahema juu ya maji na rangi imewafifia. Niongeze chumvi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Usiongeze hata chembe.

Hebu tupige hesabu. Kijiko cha kulia cha chumvi ni kama gramu 17. Wewe umetia vijiko 12, yaani gramu 200 na ushei, na zote zimo humo, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Maji hupungua, chumvi hubaki, nawe unajazia tu. Hizo ni gramu mbili kwa kila lita. Ziwa Nyasa kwenyewe, ukikusanya kila kitu kilichoyeyuka majini, hakifiki nusu gramu kwa lita, na chumvi ya kupikia katika hicho ni kidogo mno.

Hilo neno "makali" ndilo lililokupoteza. Ukali wa maji ya Nyasa ni wa chokaa na jamii ya magadi. Maji yako ya mvua hayana hata kimoja, na chumvi haikuongezei chokaa. Hapa kwangu Kiembesamaki, birika la maji ya kisima huota ukoko mweupe ndani, mgumu kuukwangua. Ukoko ule ni chokaa, na maji yenye chokaa hiyo ndiyo anayoyataka mbuna. Chemsha maji ya kisima cha jirani siku kadhaa uone; birika likiota ukoko, umepata maji yako.

Wanaohema, mimi nawahofia uchafu zaidi kuliko chumvi. Wiki sita bila kumwaga maji, samaki wanane, mikojo na mabaki ya chakula vyote vimo humo. Leo toa robo ya maji, utie ya kisima taratibu. Rudia kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Usiyabadilishe yote kwa mkupuo, utawaua. Chakula punguza nusu, pampu ya hewa isizimwe usiku.

Mimi pia niliwahi kushauriwa hivyo hivyo. Nilikuja kushtuka nilipoona ukingo wa kifuniko umeganda weupe. Nikapitisha kidole, nikaonja: chumvi tupu. Mimea ilikuwa imeshaoza mizizi, na kambare wangu mdogo wa madoa alikufa wiki ile. Naumia mpaka leo nikimkumbuka.

Utaambiwa perege huishi hata penye maji ya mikoko, naye ni ukoo mmoja na mbuna. Ni kweli, lakini perege kajaaliwa kustahamili. Mbuna kazoea mawe ya ziwani.

Chumvi ni dawa. Samaki akitoka vidoa vyeupe kama punje za sukari, gramu mbili kwa lita, iliyoyeyushwa kwanza na kutiwa kidogo kidogo siku nzima, humsaidia. Akipona, unaitoa kwa kubadilisha maji.

Chengine, weka tangini mawe mawili matatu ya matumbawe. Jiwe ukilidondoshea siki likatoa povu, lina chokaa. Lioshe, lichemshe, uliweke. Litayeyuka polepole mno na kuyashika maji yasichachuke. Ila tafadhali, okota kwenye kifusi cha nyumba ya zamani au kwenye maweni. Usiende kuvunja tumbawe hai baharini. Lile nalo lina samaki wake.