Je, namba yangu ya tarakimu 21 ni tasa?

SWALI: Mwalimu, nasoma kompyuta mwaka wa pili hapa Nairobi. Nataka kujua kama 147573952589676412927 ni namba tasa. Nimeigawanya katika Excel kwa 7, 11, 13 na nyingine nyingi. Kila jibu linatoka bila desimali, kana kwamba inagawanyika kwa zote. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna jamaa anayeuza "kanuni ya 6n+1" kwa shilingi mia tano, naye anasema imethibitisha kuwa ni tasa. Nimwamini nani? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Usiamini chochote kati ya hivyo. Excel haijawahi kuiona namba yako. Hushika tarakimu 15 za kwanza, zinazobaki inazigeuza sufuri. Bofya seli uone: ni 147573952589676000000. Namba yako ni witiri. Hiyo ni shufwa. Muda wote huo ulikuwa ukigawanya namba nyingine kabisa.

Na desimali je? Programu hiyo huhifadhi namba kwa usahihi wa biti 53. Ikishavuka 2 kwa kipeo cha 52, yaani 4503599627370496, hakuna tena nafasi ya kuandika sehemu ya desimali. Ukigawanya namba kubwa kama yako kwa chochote chini ya 32,768, jibu linazidi kiwango hicho, hivyo lazima litoke zima. Kikokotoo cha simu chenye mpango huohuo kitakudanganya vilevile.

Huyo wa shilingi mia tano ananiudhi zaidi. Ni kweli kwamba kila namba tasa iliyozidi 3 huacha baki 1 au 5 ikigawanywa kwa 6. Lakini 25, 35, 49 na 55 pia huacha baki hilohilo, na hakuna iliyo tasa kati yake. Kanuni yake inaonyesha tu kwamba namba haigawanyiki kwa 2 wala 3, jambo ambalo mtoto wa darasa la tano huliona bure.

Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1. Mwanahisabati Mersenne aliiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 mwenzake Lucas alionyesha kuwa si tasa, bila kupata kigawanyo hata kimoja. Vigawanyo vilitolewa na mwanahisabati Cole mwaka 1903: 193707721 mara 761838257287. Kigawanyo kidogo kabisa kina tarakimu 9. Ungejaribu hadi milioni moja, usingepata kitu, na kukosa kigawanyo si uthibitisho.

Tumia Python, lugha ya programu ambayo namba zake nzima hazina kikomo cha tarakimu. Namba yako iite N. Baki litafute kwa N % 7, kamwe si N / 7, kwa kuwa alama hiyo ya pili inakurudisha kwenye biti 53. Kisha fanya kipimo cha utasa kiitwacho Miller–Rabin: toa 1, gawanya kwa 2 hadi upate witiri (hapa mara moja tu, d = 73786976294838206463), halafu pow(3, d, N), yaani baki la 3 kwa kipeo cha d ikigawanywa kwa N. Hiyo 3 ndiyo msingi. Jibu lisipokuwa 1 wala N−1, namba si tasa, basi. Usiandike 3**d % N. Mashine itajaribu kuijenga namba isiyoenea kwenye kumbukumbu yoyote. Na usitosheke na msingi wa 2: namba yako inaupita ingawa si tasa. Kwa ukubwa huu, namba ikipita misingi yote 12 tasa kuanzia 2 hadi 37, hapo ndipo useme ni tasa. Mtu anaweza kutengeneza ufunguo wa siri kwa namba tasa aliyoipima kwa msingi wa 2 peke yake. Ufunguo wa namna hiyo usiukabidhi siri ya mtu.

Wasiosoma hesabu nao wanaumizwa na sufuri hizohizo. Tokeni ya stima ina tarakimu 20. Ukiibandika kwenye Excel bila vistari, tano za mwisho zinafutika na mita inaikataa. Namba ya kadi ya benki yenye tarakimu 16 hupoteza ya mwisho. Safu iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika. Ukibadilisha baadaye, tarakimu zilizopotea hazirudi, na ukishahifadhi faili itabidi urudi kwenye ujumbe wa awali.