Usiitikie "ja" (ndiyo) mezani kwa wenyeji wako Ujerumani

Umeuliza ubebe makoti mangapi, umpelekee mama mwenye nyumba zawadi gani, na kama kuna haja ya kuendelea kusoma Kijerumani ilhali cheti cha A1, ile ngazi ya chini kabisa ya lugha, unacho tayari na wakala amekuhakikishia kwamba familia inayokupokea kama au pair, yaani kijana anayeishi na familia ya ugenini akiwaangalia watoto huku akijifunza lugha, inajua Kiingereza. Makoti yasubiri. Wakala wako anakudanganya, na maneno hayohayo niliuziwa mimi, kwa fedha taslimu, na mtu ambaye hakuwahi kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya Wajerumani.

Ni kweli kwamba baba wa familia niliyokaa nayo, katika kijiji kimoja karibu na Ulm, alizungumza Kiingereza kizuri sana. Tatizo ni kwamba huyo anayekijua ndiye anayetoka alfajiri na kurudi watoto wameshalala. Wewe unabaki na mtoto wa miaka mitatu anayelia kwa Kijerumani, pamoja na bibi yake wa ghorofa ya chini ambaye lahaja yake ya Kiswabia humfanya hata Mjerumani wa Hamburg atege sikio. A1 ilinifundisha kujitambulisha, kusoma saa na kuuliza bei. Lau bibi yule angekuwa muuza nyanya, tungeelewana vizuri sana.

Lililonigharimu kuliko yote lilitokea jikoni, jioni moja ya Septemba, baada ya chakula. Mama mwenye nyumba alishika fomu ya kozi ya Kijerumani ya Volkshochschule, yaani kituo cha elimu ya watu wazima, akaigonga kwa kidole, akaonyesha kalenda ya ukutani, akaonyesha watoto, akazungumza kwa muda mrefu, kisha akanyamaza na kunitazama. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema nawe unaitikia. Humkatizi, wala humwambii arudie kana kwamba yeye ndiye asiyejua kusema. Nikatabasamu, nikajibu, "Ja, ja." Akafurahi, akanishika bega, akaikunja fomu na kuitia katika pipa la karatasi. Nami (cheka tu, nimeshatangulia kujicheka) nilidhani ameshaniandikisha kwa simu.

Kumbe alikuwa akiniuliza kama niko tayari kuahirisha kozi hadi muhula wa Februari, kwa kuwa asubuhi za miezi ile alinihitaji nyumbani. Hayo niliyajua baadaye kupitia kwa baba, nafasi zilipokuwa zimekwisha kujaa. Yule mama simlaumu, kwa maana aliuliza na akajibiwa. Lakini ukaaji wa au pair hauzidi mwaka mmoja na haurudiwi, kwa hiyo muhula mmoja ukikuponyoka, nusu ya muda wako imekwenda nao. Nilikuwa nakusudia kuingia Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi yanayokwenda pamoja na kazi, ambako kwa kawaida hudaiwa angalau B1, ngazi ya tatu ya lugha. Mwaka ukaisha nikiwa na A2, ngazi ya pili. Nikarudi Dar es Salaam kulipia kwa fedha zangu masomo ambayo kule familia inapaswa kuyachangia kwa euro 70 kila mwezi.

Kuhusu euro hizo 70, wakala alikaa kimya. Hakunieleza pia kwamba kazi haipaswi kuzidi saa 30 kwa wiki, wala kwamba masharti ya mpango wenyewe yanataka nyumba inayozungumza Kijerumani, kwa sababu lengo lake ni ujifunze lugha. Hicho Kiingereza alichokinadi kama neema ndicho kilichonizubaisha. Nilipompigia simu kulalamika, aliniambia nimshukuru Mungu kwamba nimeiona theluji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimwitikie mwenyeji jambo lolote kabla hujalirudia kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa mabovu: siku gani, saa ngapi, nani, nifanye nini. Ukikosea, atakusahihisha palepale. Likiwa linahusu fedha, saa za kazi, kozi au dawa ya mtoto, mwombe aliandike, kwa sababu maandishi utayapitisha katika programu ya kutafsiri, ilhali Kiswabia cha jikoni programu hiyo inakikimbia kama nilivyokikimbia mimi. Usiogope kuonekana huna adabu. Wenyeji wangu hawakukasirika hata mara moja kuulizwa jambo lilelile tena na tena, ila walikasirika kila nilipoitikia halafu nisitende.

Na uanze kabla ya kusaini mkataba. Katika mazungumzo ya video usiongee na baba peke yake. Omba umsikie mama na watoto katika Kijerumani chao cha kila siku, kisha wakuandikie kozi inaanza tarehe gani, ni siku zipi za wiki, na nani atakaa na watoto saa hizo. Yapate majibu hayo kabla hujampa huyo wakala hata shilingi nyingine.