Maswali ya Wasomaji: Terminali za Mbali kwa Laini ya Simu

SWALI: Ndugu Mhariri, ghala letu la mbegu mjini Dodoma lina kompyuta ya zamani inayotunza hesabu za stoo, nayo hutumiwa kwa terminali za maandishi tu, yaani skrini na kibodi visivyo na picha. Tawi la Mpwapwa huingia humo kwa modemu (kifaa kinachogeuza data kuwa milio ya simu) na simu ya waya, lakini mara kwa mara herufi huja zimevurugika, na siku nyingine anayepiga hujikuta ndani ya kazi aliyoiacha mwenzake. Kondoa tulijaribu kutumia simu ya mkononi, ikashindikana kabisa. Tufanye nini? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na hilo la kazi ya mwenzake, kwa sababu ni la hatari kuliko mengine: mtu asiyetoa nywila anaweza kubadili hesabu za ghala kwa jina la mtu mwingine. Laini inapokatika, modemu hupaswa kuiarifu kompyuta kwa waya wake maalumu, ambao katika plagi ya pini 9 ni pini ya 1 na katika ile ya pini 25 ni pini ya 8, ili kompyuta ifunge kazi iliyokuwa wazi. Kebo nyingi za kuungaunga zina nyaya tatu tu, kwa hiyo taarifa hiyo haifiki. Tafuteni kebo kamili, kisha iwekeni modemu ya Dodoma kwa amri AT&C1&D2, na mhakikishe kuwa kompyuta nayo imepangwa kuitii taarifa hiyo. Halafu ijaribuni: ingieni kutoka Mpwapwa, chomoeni waya wa simu, mpige upya. Msipoulizwa jina na nywila, msiruhusu mtu yeyote kuitumia laini hiyo mpaka irekebishwe.

Kuhusu herufi, kama zingevurugika zilezile kila mara tangu mwanzo, ningeshuku kuwa upande mmoja umewekwa biti 8 bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa) na mwingine biti 7 zenye pariti. Kwa kuwa huvurugika mara kwa mara tu, nashuku kelele za laini. Washeni usahihishaji wa makosa wa kanuni ya V.42 katika modemu zote mbili, na mpunguze kasi bila kusita. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ina herufi 1,920. Kila herufi ikichukua biti 10, kasi ya biti 9,600 kwa sekunde huijaza kwa sekunde 2. Karani wa stoo hahitaji zaidi ya hapo, na laini mbovu ikilazimishwa kubeba biti 33,600 itakatika tu.

Simu ya mkononi haifai kwa sababu huibana sauti kwa kanuni zilizotengenezwa kwa ajili ya usemi wa binadamu, ilhali modemu huzungumza kwa milio inayotaka kufika kama ilivyotoka. Modemu ya Bell 103 ya mwaka 1962, kwa mfano, ilitumia milio ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,070 na 1,270 upande unaopiga, na hezi 2,025 na 2,225 upande unaopokea. Milio yote hiyo hupita vizuri katika laini ya waya, inayobeba takriban hezi 300 hadi 3,400. Kama Kondoa hamna laini ya waya, tumieni intaneti ya simu kwa SSH (njia salama ya kuingia katika kompyuta iliyo mbali), mkiweka Dodoma kompyuta ndogo yenye poti ya siriali, yaani tundu la kebo ya aina ya modemu, iliyoungwa na ile ya zamani.